Tunazaa mara moja, tunalipa mara mbili

Ndugu zangu vijana wa Baraka, wa Fizi, wa Nundu, wa Mboko, wa Lulimba, na nyinyi mliosambaa Uvira, Bukavu, Kalemie na Kigoma:

Mbele yangu kuko karatasi mbili. Zote ni faktire. Zote ni za mama mmoja, mtoto mmoja, mwezi mmoja. Ya kwanza ni ya hospitali ya serikali, pale dada yangu alipozaa. Ya pili ni ya kliniki ya mtu binafsi, pale dada yangu alipookolewa siku sita baadaye. Majina ya zile nyumba mbili siyaandiki hapa, maana mambo haya hayako ya nyumba moja. Ukiuliza wamama watano wa avenue yako, watatu watakutolea karatasi kama hizi.

Mimi nimesoma gestion. Miaka mitano chuo kikuu, lisansi mkononi, kazi hakuna. Asubuhi ninachaji simu za watu kwenye kibanda cha rafiki, jioni ninaandikia watu barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe sikuzipata. Lakini kitu kimoja walinifundisha vizuri: kusoma faktire. Basi tuzisome pamoja.

Faktire ya kwanza: fishe, glavu, sindano, kitanda, kuzalisha, usafi, karatasi ya kushuhudia kuzaliwa. Jumla: franka 78,000. Nilisoma juu mpaka chini, nikageuza karatasi, nikasoma tena. Nilikuwa ninatafuta mstari mmoja tu, ule wa kumuangalia mama baada ya kuzaa. Haupo. Wameandika mpaka sabuni, lakini kumpima mama tansiyo baada ya mtoto kutoka, kuangalia damu, kumfundisha alama za hatari, kumpa tarehe ya kurudi, hayo hayakuandikwa kwa sababu hayakufanyika.

Faktire ya pili: kulazwa usiku tatu, seramu, antibiotiki, maabara, kusafisha, munganga wa usiku. Jumla: dola 145. Hapo ndipo utaona mstari uliokosekana kwenye karatasi ya kwanza. Ulihamia kwenye ya pili, na bei yake ikawa mara tano.

Hii njo ninaita kuzaa mara moja na kulipa mara mbili.

Niwaelezee ilivyokuwa. Dada yangu alizaa saa tisa ya usiku, salama, mtoto wa kike. Tulifurahi. Saa moja ya asubuhi mama mmoja wa kazi akapita akasema: "Mama uko muzuri, mutoto iko muzuri, muende mulipe, kitanda kiko na mwenye kungoja." Shemeji yangu ni mvuvi. Mfukoni alikuwa na franka 30,000. Akatoka kutafuta zingine. Dada akakaa kwenye benchi ya koridoo na mtoto wake kwenye kitenge, tangu saa moja mpaka saa nane ya mchana. Saa saba nzima. Waganga walipita mbele yake labda mara ishirini. Hakuna aliyemgusa mkono kusikia kama ana homa. Kazi ya yule mlinzi wa mlangoni ilikuwa moja: asitoke kabla ya kulipa.

Angalieni vizuri jambo hilo. Alikaa hospitalini saa saba baada ya kuachiliwa, na zile saa zote hazikuwa za afya yake. Zilikuwa za deni. Kama deni linaweza kumuweka mama kwenye benchi saa saba, kwa nini afya yake isiweze kumuweka kitandani saa ishirini na nne?

Siku ya tano homa ikaanza. Mama yetu akasema ni maziwa yanaingia. Akamkanda na maji ya moto kama wamama wetu wote wanavyofanya. Siku ya sita harufu ikatoka, dada akaanza kutetemeka, akawa anasema maneno yasiyo na mwisho. Tukampandisha kwenye moto, mimi nyuma nimemshika, motari mbele, mvua juu. Tulirudi kwanza kule kwenye hospitali ya serikali. Jibu: mununue fishe mpya, dawa hakuna kwenye stoki, muende farmasi mulete seramu na antibiotiki njo tuanze. Ilikuwa saa nne ya usiku. Farmasi gani saa nne ya usiku?

Njo tukaenda kliniki ya binafsi. Pale dawa zilikuwa. Pale kulikuwa na taa. Pale pia walisema: dola 50 kwanza. Shemeji aliacha injini ya mtumbwi wake kwa mtu ambaye anakopesha feza, na ile injini mpaka leo haijarudi. Dada yuko mzima, Mungu asifiwe. Mtoto yuko mzima. Lakini mvuvi asiye na injini anakodisha ya wengine, na nusu ya ndakala wake inakwenda kwa mwenye injini. Ile homa bado tunailipa kila usiku ziwani.

Sasa kuna wenye watasema: "Ni bahati mbaya, ni ya Mungu." Hapana. Homa ile inajulikana jina lake na saa yake. Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tunaita OMS, liliandika mashauri yake mapya mwaka 2022: mama aliyezaa vizuri kwenye kituo cha afya akae pale si chini ya saa 24. Halafu aonwe tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, tena juma la sita. Hawakuandika vile kwa kupenda karatasi. Waliandika kwa sababu damu inayoua mama mara nyingi inakuja siku ile ile ya kuzaa, na maambukizo yanakuja siku zinazofuata, wakati mama yuko nyumbani na watu wanaimba. Mtoto naye, juma lake la kwanza njo la hatari kuliko mengine yote.

Na bibi zetu walijua kabla ya OMS. Siku arobaini! Mama hachoti maji, hapiki, halimi, anakula vizuri, anaangaliwa. Hesabu juma sita za madaktari: ni siku 42. Bibi zetu na madaktari wanaachana siku mbili tu. Ni serikali peke yake inayohesabu kwamba uzazi unaisha mtoto anapolia.

Tuongee sasa juu ya serikali, maana hapa ndipo kuko uongo.

Tarehe 5 Septemba 2023, huko Kinshasa, Rais Félix Tshisekedi alizindua mpango wa kuzaa bure, ndani ya ile programu kubwa inayoitwa afya kwa wote. Walisema utaanza Kinshasa, halafu utaenda kwenye majimbo mengine. Na sikieni vizuri kilichoahidiwa, kwa sababu watu wengi wanafikiri ni kuzaa tu. Ahadi ilikuwa mama aangaliwe wakati wa mimba, azae, apasuliwe kama inahitajika, aangaliwe baada ya kuzaa, na mtoto atunzwe siku zake 28 za kwanza. Bila kulipa. Hospitali ilipwe na mfuko wa serikali.

Siku ishirini na nane! Dada yangu alifika siku ya sita tu, na alikuwa ameshalipa mara mbili.

Mimi sipingi ule mpango. Ninaudai. Kuko tofauti kubwa kati ya kupinga kitu na kudai kitimizwe. Ahadi ya rais si wimbo wa kampeni wa kuchezwa Kinshasa halafu radio inazimwa ukifika Fizi. Sisi pia tunalipa kodi: kwenye bandari ya Baraka, kwenye soko, kwenye barabara ya RN5 ambako kila kizuizi kina bei yake. Wakati wa kulipa, Fizi ni Kongo. Wakati wa kupokea, Fizi iko mbali.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya ni ya kuhakikishwa. Na kifungu cha 61 kinahesabu mambo ambayo hayawezi kuvunjwa hata kama nchi iko kwenye vita, hata kama kuko hali ya hatari. Moja ya yale mambo ni marufuku ya kufunga mtu kwa sababu ya deni. Kasome mwenyewe, iko pale pamoja na haki ya kuishi na marufuku ya mateso. Sasa niambieni: mama anayezuiwa mlangoni na mlinzi kwa sababu ya franka 48,000, tumuite nani? Mgonjwa ama mfungwa?

Musifikiri ni mambo ya kwetu tu, hapa kwenye kona ya ziwa. Mwaka 2016 watafiti walifuata hesabu za hospitali moja kubwa ya Lubumbashi, mji wa shaba, mji wenye feza kuliko sisi wote. Waliona karibu nusu ya wamama waliopaswa kulipa walizuiwa pale na watoto wao kwa sababu ya kukosa kulipa. Kumbe hata kwenye shaba kuko wamama kwenye benchi.

Na majirani je? Wale tunaowacheka?

Burundi, ng'ambo ya ziwa, nchi masikini kama sisi, ndogo kuliko sisi mara nyingi. Hospitali zao pia zilikuwa zinafunga wagonjwa kwa deni. Tarehe 1 Mei 2006 serikali yao ikatangaza kuzaa bure kwenye vituo vya serikali, na matibabu bure kwa watoto chini ya miaka mitano. Hawakufika peponi: dawa zilipungua, wauguzi walilemewa na kazi, hospitali zililia malipo yanachelewa. Lakini jambo lilianza na halikurudi nyuma.

Kenya, mwaka 2015, mwezi wa tisa, Mahakama Kuu ya Nairobi ilihukumu kesi ya wamama wawili waliozuiliwa kwenye hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kukosa kulipa. Jaji Mumbi Ngugi alisema haki zao zilivunjwa, na akaamuru walipwe fidia. Wamama wawili tu, si mawaziri, si wabunge, waliishitaki hospitali na wakashinda. Sisi Fizi tumeshaenda mahakamani mara ngapi kwa ajili ya mama aliyekaa kwenye benchi? Hata mara moja. Tunachanga, tunalipa, tunasema asante muganga, tunarudi nyumbani.

Sasa nifike kwa waganga, maana ninajua kuko ndugu zetu wa hospitali wanaosoma hapa na wameshakasirika. Ndugu, subirini. Mimi sijaja kuwatukana.

Sisi wote tunajua namna hospitali ya serikali inavyoishi. Kuko muuguzi anayefanya kazi miaka mingi na hajaandikwa kwenye listi ya mishahara ya serikali. Kuko mwingine ameandikwa, lakini premi yake haifiki, ama inafika robo. Basi feza inayoingia kwenye kasha ya hospitali, ndiyo hiyo wanagawana mwisho wa mwezi. Maana yake: mshahara wa muganga wa serikali unatoka kwenye kitenge cha mama aliyezaa. Serikali imemgeuza mama mwenye uchungu kuwa wizara ya fedha.

Ukishaelewa hivyo, unaelewa yote. Unaelewa kwa nini kitanda kinapaswa kuachwa haraka: kitanda cha mama aliyekwisha kuzaa hakiingizi kitu, cha mama anayekuja kuzaa kinaingiza. Unaelewa kwa nini hakuna mstari wa kumuangalia mama baadaye: nani atalipa? Unaelewa kwa nini yule yule uliyemuona asubuhi na blauzi nyeupe kwenye hospitali ya serikali, unaweza kumkuta jioni kwenye kliniki ya binafsi. Ana watoto, karo ya shule inamngoja. Asubuhi anafanya kazi bila dawa, jioni anafanya kazi na dawa. Mimi simlaumu yeye. Ninalaumu walioacha mambo yakae hivyo mpaka ugonjwa wa mama ukawa biashara inayohama kutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine.

Kwa hiyo muganga, wewe si adui wetu. Wewe na dada yangu munaibiwa na mtu mmoja. Wewe unaibiwa mshahara, yeye anaibiwa matunzo, halafu munaachwa mupigane mlangoni juu ya franka 48,000.

Kuko jibu lingine tunalosikia kila siku: "Kuko vita." Ni kweli kuko vita, hatuhitaji mtu wa kutufundisha. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa M23, na mgonjwa wa Fizi aliyekuwa anapelekwa kwa madaktari wakubwa kule, safari yake ikawa ya kuvuka mstari wa vita. Lakini vita haikuanza 2025. Sisi tumezaliwa ndani yake. Na tena, kama vita inafunga barabara ya kwenda Bukavu, hiyo njo sababu ya kuongeza nguvu kwenye hospitali za hapa, si sababu ya kuziacha. Kumpima mama tansiyo hakuhitaji barabara ya Bukavu. Kunahitaji chombo kimoja, mtu mmoja anayelipwa, na dakika tano.

Na kuko wale wanaosema: "ONG itasaidia." Tumeshasaidiwa. Médecins Sans Frontières walifika Baraka 2003, na kwa miaka kumi na saba watu wa Fizi walizoea kwamba kuko mahali unatibiwa bila kuulizwa feza. Wamama wengi wa hapa walizaa mikononi mwao. Mwishoni mwa 2020 walitangaza wanaondoka teritwari ya Fizi kwa sababu ya usalama, baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa. Waliowashambulia walikuwa watu wenye silaha, lakini aliyelipa alikuwa mama mwenye mimba. Na serikali, ambayo ilikuwa na miaka kumi na saba ya kujiandaa, ilikutwa haijajiandaa. Hapo tulipaswa kujifunza: mgeni anakusaidia kubeba mzigo, hawezi kuwa kichwa chako. Afya ya wamama wetu haiwezi kufungwa kwenye mkataba wa mradi wenye tarehe ya mwisho.

Sasa niseme jambo linaloniuma kuliko yote.

Usiku ule kwenye kliniki, mama yetu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, mtoto mikononi. Akaniambia kwa sauti ndogo: "Wewe nilikuzala Nyarugusu. Sikulipa hata shilingi moja. Walinilaza, wakanipa uji, wakarudi kunitembelea kwenye nyumba ya majani. Leo tuko kwetu, angalia."

Wengi wenu mnanielewa. Sisi ni watoto wa kambi. Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa 1996 wakati watu wa Fizi walipokimbia kuvuka ziwa. Kuanzia 2005, meli za UNHCR zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Wazazi wetu walishuka na mabati, sufuria na watoto, wakibusu mchanga. Walituambia: tumerudi nyumbani, sasa sisi ni raia, si wakimbizi tena.

Mama yangu, akiwa mkimbizi kwenye nchi ya watu, alizaa akaangaliwa. Binti yake, akiwa raia kwenye nchi yake, na kadi ya mpiga kura mfukoni, alizaa akafukuzwa kitandani, akazuiwa mlangoni, halafu akanunua uhai wake kwa dola 145. Nani anieleze hiyo hesabu. Mimi nimesoma gestion, nimeshindwa.

Ndugu zangu, na sisi tujiseme. Kila wiki kwenye makundi yetu ya WhatsApp kuko picha: mama amelala, seramu juu, namba ya kutuma feza chini. "Tuchangie dada yetu." Tunachanga. Mimi pia ninachanga, hata franka 1,000. Ni jambo zuri, na tusiache, sababu mtu anakufa leo. Lakini tujiulize: tumechangia wamama wangapi mwaka huu, na ni mara ngapi tuliuliza kwa nini? Mchango wetu unazima moto wa nyumba moja, kesho nyumba ya pili inaungua, na anayewasha moto ametulia, maana anajua vijana wana moyo mzuri, watalipa. Likelemba yetu imekuwa bajeti ya afya ya jamhuri.

Kwa hiyo hatuishii kwenye kulia. Haya njo tunadai.

Kwa serikali ya Kinshasa na ya jimbo:

1. Ule mpango wa kuzaa bure uonekane kwa macho kwenye zone za afya za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge, mpaka siku ya 28 ya mtoto na juma la sita la mama. Mutuambie wazi ni vituo gani viko ndani, kuanzia tarehe gani, na feza imefika ama haijafika.

2. Waganga walipwe. Wote wanaofanya kazi waandikwe, premi ifike kamili na kwa wakati. Bila hiyo, neno "bure" litabaki rangi kwenye bango.

Kwa wakubwa wa hospitali za serikali:

3. Hakuna mama wala mtoto kuzuiwa kwa deni, kuanzia leo. Deni liandikwe kwenye karatasi, mtu aende nyumbani, alipe pole pole. Na karatasi ya kushuhudia kuzaliwa isishikwe kama rehani: sheria inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto, na kila siku munayoishika karatasi munamuibia mtoto jina lake.

4. Mama akae saa 24, apimwe kabla ya kutoka, na apewe tarehe ya kurudi iliyoandikwa. Akirudi na homa ndani ya siku arobaini, asiulizwe fishe mpya.

5. Bei zote zibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Kwa kliniki za binafsi:

6. Na nyinyi bandikeni bei. Tunajua dawa munanunua, tunajua serikali haiwasaidii. Lakini mgonjwa anayetetemeka aanze kutibiwa kwanza, dola 50 zifuate. Uhai hauna malipo ya kwanza.

Na kwetu sisi:

7. Kila aire ya afya kuko kamati yake, CODESA. Ni ya raia, si ya daktari. Wengi wetu hatujui hata nani yuko ndani. Mwezi huu tukae kwenye mikutano yao, tuulize bei ziliamuliwa na nani na feza inaingia wapi. Shomeri ana kitu ambacho waziri hana: muda.

8. Chungeni faktire. Musitupe. Funikeni jina la mama, pigeni picha, mututumie: ya hospitali ya kuzaa na ya kliniki ya baadaye, zote mbili. Tutahesabu. Tukiwa na karatasi mia mbili, hakuna atakayesema tena ni bahati mbaya ya mtu mmoja.

9. Fundisheni nyumbani. Mama aliyezaa akiona damu nyingi, homa, harufu mbaya, kichwa kuuma sana ama macho kuona giza, kupumua kwa shida, mguu kuvimba na kuuma: hiyo si maziwa yanaingia, ni kwenda hospitali saa ile ile. Mtoto akikataa kunyonya, akipumua mbio, akiwa moto sana ama baridi sana, akiwa manjano: vilevile. Wanaume, sikieni hapo. Nyinyi njo munaitwa kutafuta moto usiku.

Mwisho. Mtoto wa dada yangu ana miezi minne sasa. Anacheka, anavuta ndevu za shemeji. Jina lake hatukuliandikisha mapema kwa sababu ile karatasi ilikuwa imeshikwa mpaka deni liishe; tulikimbia na mwisho wa siku 90 kama wezi. Atakua, ataniuliza siku moja nilifanya nini. Sitaki kumjibu kwamba nilichaji simu na kuchangia franka 1,000.

Injini ya baba yake bado iko kwa mwenye kukopesha. Tumebakisha dola 60. Nikiwaona vijana kwenye mkutano wa CODESA, nitajua kwamba ile feza haikupotea yote.

Mama akizaa, kazi ya nchi njo inaanza. Hatutanyamaza.

Kijana mmoja mwenye diplomi na bila kazi, Baraka